Mafiga Bila Chungu

Asubuhi ile Gaju hakuona unyayo hata mmoja.

Alisimama pembeni mwa uwanja na fagio lake la matawi, akaangalia tena. Kila siku, kabla jua halijatoka nyuma ya milima, wanawake wa mtaa walikata njia katikati ya uwanja kwenda mashambani, na kila siku Gaju alifika baada yao kufuta nyayo zao: visigino vilivyozama kwa uzito wa mizigo, vidole vya watoto waliokimbia kuwafikia mama zao, na karibu na katikati, alama ya ncha ya fimbo ya bibi fulani ambaye hakumjua ila kwa alama hiyo. Leo udongo ulikuwa kama alivyouacha jana jioni, laini, wenye mistari myembamba ya fagio. Nyayo zilikuwepo, lakini nje. Zilizunguka uwanja kwa mbali, zikapita kwenye magugu yenye umande, zikarudi njiani upande wa pili.

Hakuwa na kitu cha kufagia. Alifagia hata hivyo.

Dieumerci alifika akisukuma burueti, gurudumu likilia njia nzima. Alikuwa kijana mrefu wa mji wa Baraka aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichowachekesha watoto, glovu mbili za ngozi zilizochanika, na mchezo ambao mtaani hakuna aliyeujua. Mwalimu mmoja wa huko ndiye aliyemfundisha besiboli. Alipomwomba Mama Suzanne shamba lake lililokuwa limelala karibu na njia ya ziwani, mama yule alimwuliza kama mchezo huo unakula udongo. Dieumerci akasema hauli. "Basi chezeni mpaka udongo uamuke," akajibiwa.

Vijana wa makanisa mawili waliitwa kwa salongo, kazi ya bure ya kila Jumamosi. Wengine walidhani ni mpira wa miguu. Walipoona hakuna milingoti inayosimamishwa, wakaenda zao. Waliobaki walifyeka, wakang'oa visiki, wakabeba mawe hadi upande wa barabara. Gaju alikuja mara ya kwanza na bido, dumu la maji ya kunywa, kwa sababu mama yake alimtuma. Hakuna aliyemwambia aache kuja. Akaendelea.

Hakuwa msemaji. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka familia yao iliposhuka kutoka milimani bila ng'ombe, na tangu hapo alikuwa akilipima neno mdomoni mpaka zamu ya kulisema inampita. Lakini udongo hausubiri salamu. Milimani wanawake wa kwao walisiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, na mikono yake ilikuwa bado inaijua kazi hiyo. Alichimba udongo wa kichuguu, akauponda, akauchanganya na kinyesi alichookota kwenye njia ambako ng'ombe wa watu wengine hupitishwa kwenda kuchinjwa. Kwa mchanganyiko huo alijenga kilima kidogo katikati ya uwanja, pale anaposimama mrushaji. Siku kilipokauka, mpita njia mmoja alivua kofia na kuuliza ni nani aliyezikwa.

Mistari ya uwanja aliichora kwa majivu. Kila Ijumaa alipita jiko kwa jiko na ndoo yake, na wanawake wakamjazia huku wakimwita Gaju wa majivu. Katika pembe tatu za uwanja waliweka mifuko ya mchele iliyojazwa mchanga wa ziwa. Katika pembe ya nne, pale anaposimama mpigaji, ubao. Dieumerci aliziita besi. Watoto, waliolisikia neno hilo kwa masikio ya Kifaransa, waliziita baze.

Jioni, mchezo ukiisha, Gaju ndiye aliyebeba magongo nyumbani. Alikuwa ameshajifunza kwa kuangalia: mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kiwiko kisilale, macho yasiondoke kwenye mpira. Alitaka kupiga. Hakutaka kitu kingine chochote katika uwanja ule, wala kushangiliwa, wala kukimbia. Alitaka kujua mkononi ule mshindo aliousikia kila siku kwa masikio tu. Lakini ili upige ulitakiwa kwenda kwenye mstari wa watoto na vijana na kusema "na miye", na kila mtu angegeuka. Kwa hiyo alifagia. Uwanja ukiwepo kesho, aliwaza, kesho pia nitaweza kusema.

"Umeona?" Dieumerci alisema, akionyesha udongo usio na nyayo. "Wamesikia! Nimewaomba mpaka nimechoka, sasa wanazunguka."

"Ndiyo."

"Mbona hufurahi?"

"Niko na furaha."

"Gaju, furaha yako ni kama mshahara wa mwalimu. Tunaambiwa ipo."

Alicheka peke yake, akageuza burueti. Gaju aliangalia tena ile njia mpya kwenye magugu. Mtu anayeheshimu uwanja hupita pembeni yake. Hawa walikuwa wamepita mbali, kama watu wanaokwepa mbwa.

*

Bombani, alasiri, wanawake walinyamaza alipofika. Aliweka bido lake nyuma ya mengine. Félicité, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya sokoni hata akiwa nje ya soko, alimgeukia.

"Gaju wa majivu! Kuja hapa. Usikimbie, mi sikule bantu."

Gaju akasogea.

"Ni kweli kule kwa shamba ya Mama Suzanne munajenga baze?"

Gaju aliifikiria mifuko. "Ndiyo."

"Baze moja?"

"Ine," alijibu, akiinua vidole vinne.

Bido la mtu lilijaa, maji yakamwagika chini, na hakuna aliyelisogeza.

"Ine! Mungu wa rehema. Na ni banani bataikaa mule?"

"Habaikale," Gaju alisema. "Banapita tu. Mumoja akifika, ule mwenye iko nyuma anamusukuma mbele."

"Anamusukuma," mwanamke mmoja alirudia polepole.

"Na banatoka wapi hao bantu?"

"Bamoja ba hapa Baraka. Bengine ba kule juu, kama miye."

"Na banapatana?"

Gaju alifikiri. Lilikuwa swali zuri, na alifurahi kwamba mtu ameliuliza. Tangu waanze kazi hakuna mwanamke wa mtaa aliyeuliza namna mchezo unavyochezwa.

"Apana," alisema. "Ni pande mbili. Bamoja banarusha, bengine banapiga. Kisha banabadilisha."

Félicité alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke wa mbele aliondoka kwenye bomba ingawa zamu yake haijaisha, na wengine wakamwachia Gaju nafasi, wote, hata wale waliofika kabla yake. Alijaza bido lake bila kusubiri. Njiani kurudi alihisi wepesi kifuani. Hakuwahi kuzungumza muda mrefu namna ile na wanawake wa Baraka, na hakuna aliyemcheka.

Mama yake, Bazubagira, alikuwa mlangoni akishona mpira mpya: matambara ndani, ukanda wa tairi juu yake, kisha ngozi ya mbuzi. Gaju alimsimulia yote kwa lugha yao, akitabasamu. Mama alishona mpaka katikati ya simulizi, kisha sindano ikasimama.

"Uliwaambia ni mpira?"

"Hawakuuliza mpira."

"Gaju. Hapa baze ni ya basoda."

Neno basoda, yaani wanajeshi, alilisema kwa Kiswahili cha huku, kana kwamba lugha yao haina haki ya kulibeba.

Gaju alilijua neno baze. Kila mtu alilijua. Baze ilikuwa waya na bendera, mifuko ya mchanga iliyopangwa hadi kifuani, barabara inayofungwa jioni. Hata ile ya Umoja wa Mataifa, iliyoondoka, ilikuwa imeacha jina lake pale ilipokuwa. Lakini tangu kiangazi neno hilo lilikuwa limehama kichwani mwake bila kuaga. Kwake sasa baze ilikuwa mfuko wa mchele unaokanyagwa na mtoto anayecheka.

Alichukua bido lililojaa, akalimwaga ndani ya pipa, akarudi bombani mbio. Bomba lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikuwa ameondoka na ufunguo, na juu ya simenti ilibaki harufu ya ndagala.

*

Jumamosi, watu wa salongo walipofika, Mama Suzanne alikuwa tayari katikati ya uwanja na jembe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mzito, mwenye kitenge kilichofungwa juu ya magoti, na alilima kama mtu anayekata nyama, bila haraka na bila kurudia. Kando yake kulikuwa na mafungu ya vijiti vya muhogo. Nyuma ya baze ya pili, kutoka upande mmoja hadi mwingine, tuta moja refu lilikuwa limekwisha kuinuliwa na kupandwa. Tuta la pili lilikuwa linakaribia kilima cha mrushaji. Sehemu ambayo Gaju alikuwa ameisiriba ilikuwa imepasuliwa mabonge makubwa yenye upande mmoja laini.

"Mama," Dieumerci alisema, "tuongee kwanza."

"Ongea. Masikio yangu hailime."

"Mama, ulitupa ruhusa."

"Niliwapa ruhusa ya muchezo." Jembe lilishuka. "Baze sikupatia mutu. Miye nimekwisha kuona baze. Ya kwanza ilikuja bwana yangu akiwa muzima. Balianza kuomba fasi ya kusimama. Kisha balitwaa kisima. Kisha njia. Kisha tukawa tunaomba ruhusa ya kwenda kwa shamba yetu wenyewe." Jembe lilishuka tena. "Fasi ya bure kila mutu mwenye bunduki anaona ni yake. Lakini fasi yenye muhogo iko na mwenyewe. Hata soda anajua."

"Hakuna mwenye bunduki hapa, mama yangu."

"Wewe unaongea kama redio ya Kigoma. Sogea, niko na kazi."

Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye magugu, majembe begani. Hawakuingia. Walisimama nje ya mstari wa majivu, ambao mvua ya usiku ilikuwa imeufifisha. Watoto wa timu walikaa juu ya mawe upande wa barabara, wa milimani huku na wa mtaani kule, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu kiangazi.

Gaju aliangalia jembe. Kila liliposhuka alijua ni udongo wa siku gani: huu wa mwanzo wenye changarawe, huu wa baadaye alipojifunza kuupepeta. Alikuwa na neno. Neno lilikuwa mpira, ni mpira tu, na lilikuwa pale pale nyuma ya meno.

Chef wa mtaa, Patrice, alifika kwa pikipiki. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa mara nyingi kwa habari mbaya. Hakusalimia. Aliitazama mifuko, akamtazama Dieumerci, akawatazama wanawake.

"Nani alisema baze?"

"Chef, mi sikusikia kwa njia," Félicité alisema, akiingia uwanjani kwa mara ya kwanza. "Nilisikia kwa kinywa ya ule binti pale. Baze ine! Bamoja banarusha, bengine banapiga! Na ile mifuko ya mchanga unaona, ama ni mikate?"

Wote wakamgeukia Gaju.

"We ni mutoto wa nani?" Chef aliuliza.

"Wa Bazubagira."

"Ulisema hivi?"

"Ndiyo."

"Baze ine?"

"Ndiyo. Lakini..."

Lile lakini lilibaki peke yake. Aliona midomo ya Félicité, mikono ya Chef, kola yake safi, na watoto juu ya mawe ambao wote waliujua mchezo na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu watu wazima walikuwa wanaongea. Dieumerci akalipokea lile lakini kama mpira uliorushwa vibaya.

"Chef, ni besiboli. Besi ni kituo cha mkimbiaji. Ni neno la Kiingereza."

"Kwanza baze, sasa Kiingereza," Chef alisema. "Kijana, unataka kunisaidia ama unataka kuniua?" Akaupiga mfuko kwa ncha ya kiatu. "Mwaga."

"Chef..."

"Mwaga zote. Mutu akipita kwa barabara na kuona mifuko ya mchanga imepangwa, nitamuambia nini? Kwamba ni ya kukimbilia?"

"Ndiyo, Chef. Ni ya kukimbilia."

Mtu mmoja kati ya wanawake alicheka, akaziba mdomo.

Vijana walifungua mifuko na kumwaga mchanga palepale. Yalibaki marundo matatu madogo, meupe, kila moja katika pembe yake. Dieumerci aliomba aonyeshe mchezo wenyewe. Chef alitazama saa yake na kuinua kidevu, jambo ambalo lingeweza kuwa ndiyo.

Divine, mjukuu wa Mama Suzanne, alitoka juu ya mawe kabla hajaitwa. Alisimama kwenye ubao, gongo begani. Dieumerci akarusha taratibu. Mtoto akapiga, mpira ukabingirika kwenye mabonge ya udongo, na yeye akakimbia. Alikanyaga rundo la kwanza, mchanga ukaruka. Aligeuka kuelekea la pili, na njiani alikuwapo bibi yake na jembe.

"Koko, pisha!"

"Divine! Kumbe na wewe uko mu jeshi?"

Mtoto akamzunguka, akaruka tuta, akasimama kwenye rundo la pili kwa miguu yote miwili, akihema.

"Niko hapa, habawezi kunigusa," alisema. "Nikitoka, banaweza. Nikifika tena ingine, habawezi."

"Na nani anataka kukugusa?"

"Bale. Na mpira, koko. Ni mpira tu."

Mama Suzanne alisimama wima kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mkono kiunoni. Alitazama rundo lile, akalitazama lingine, akalitafuta la tatu kwa macho. Alitazama mstari wa majivu uliokuwa ukiyaunganisha. Alihesabu kwa kidole, kama mpishi anayehesabu wageni.

"Majivu mulitwaa mu jikoni zetu," alisema. "Sasa naona na mafiga muliiba. Mafiga matatu. Chungu iko wapi?"

Kicheko kilianzia kwenye magugu. Kilipita juu ya mstari, na wanawake wakaingia nacho uwanjani, wakayatazama yale marundo kwa karibu, wakaulizana ni chungu cha namna gani kinachokaa juu ya mafiga yaliyoachana hivi, na ni mwanamume gani angekula kikaisha. Félicité ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa ameogopa kuliko wote.

Chef Patrice hakucheka. Lakini alivua kofia yake, akajifuta uso, na aliposema tena alisema kwa sauti ya chini.

"Ni mafiga. Mutu akiuliza, ni mafiga. Ile neno ingine sitaki kuisikia tena hapa, hata kwa mutoto, hata kwa ndoto. Na hii mifuko nitaitwaa." Aliikunja mwenyewe kwa uangalifu, akaifunga nyuma ya pikipiki.

Dieumerci aliinama kwenye tuta refu na kushika kijiti cha kwanza cha muhogo.

"Weka mukono chini," Mama Suzanne alisema.

"Lakini mama, tumemaliza. Umeona ni mchezo."

"Nimeona. Na muhogo nimepanda. Kwetu muhogo uliopandwa haung'olewi mbele ya kuzaa. Hata miye mwenyewe siwezi. Unataka niite njaa kwa jina lake?" Alipangusa jembe kwa mguu. "Ile tuta ingine nitaiacha, haijapata mbegu. Lakini hii moja inabaki. Mutacheza mbele yake."

Watu walianza kutawanyika. Watoto walishuka kutoka juu ya mawe. Wote waliongea kwa pamoja juu ya uwanja, uwekwe namna gani, usogezwe wapi. Hakuna aliyemwuliza Gaju, naye alikuwa amechuchumaa, akiokota mabonge yenye upande laini na kuyaweka pamoja, kwa sababu udongo wa kichuguu ukilowekwa unaweza kutumika tena.

*

Ilibidi uwanja wote usogee kuelekea barabarani, pale walipokuwa wamerundika mawe. Walihamisha mawe yaleyale kwa mara ya pili. Vijana wawili walichoka kubeba mawe kuliko kucheza, wakaenda kuvua. Badala yao wakaja wasichana wa kwaya, ambao waliimba wakibeba na kwa sababu hiyo walibeba polepole.

Badala ya mifuko Gaju alitengeneza mafiga ya udongo, mapana, ya chini, yasiyoweza kuumiza mguu. Ya kwanza yalipasuka. Félicité, akipita na beseni la ndagala kichwani, alisimama.

"Uliweka nyasi?"

"Apana."

"Kata nyasi, changanya. Ama mama yako hakukufundisha kutengeneza mafiga?"

"Alinifundisha sakafu."

Félicité alitua beseni, akainua kitenge, akaingiza mikono kwenye udongo. Walikanda pamoja. Kisha yule mama akaanza kutikisika mabega.

"Lakini na wewe! Mutu anakuuliza baze, unajibu ine!"

"Mulikuwa munauliza vizuri," Gaju alisema.

Félicité alilazimika kukaa chini ili acheke. Jioni mtaa wote ulikuwa na maneno yale. Mulikuwa munauliza vizuri, wanawake walisema mtu akipunjwa sokoni, mtu akiolewa na mlevi.

Mvua zilinyesha. Muhogo ulichipua, ukafika magotini, ukafika kiunoni, mstari mmoja wa kijani nyuma ya uwanja, na sheria yake ikaingia kwenye mchezo kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo: mpira ukidondoka mbele ya muhogo, unachezwa, ukivuka muhogo, mpigaji anazunguka mafiga yote mpaka kwenye ubao, ukiingia ndani ya muhogo, kila mtu anasimama alipo. Mama Suzanne alileta kigoda na kukaa karibu na tuta lake kila Jumamosi, ufito mkononi. Mtoto wa kwanza aliyeingia kutafuta mpira alivunja shina, akatolewa kwa ufito. Wa pili vilevile. Gaju alipoingia, akiweka miguu upande upande kati ya mashina, ufito ulibaki juu ya mapaja.

"Huyu peke yake," Mama Suzanne alitangaza.

Hivyo Gaju akapata kazi nyingine. Aliumwagia uwanja maji, aliufagia, aliuchora, na mchezo ulipoanza alisimama karibu na muhogo akisubiri. Kusubiri alikuweza vizuri. Watoto wa mtaani na wa milimani walikuwa sasa wamechanganyika kwenye mawe, wakigombana juu ya zamu ya kupiga kwa lugha ambayo si ya yeyote kati yao. Uwanja ulikuwepo. Kila Jumamosi ulikuwepo, na kila Jumamosi kesho ilisogea mbele.

Siku moja, mawingu yakiwa juu ya ziwa na mvua ikiwa bado haijaamua, kijana wa kwaya alipiga mpira mrefu, wa chini, ukaingia kwenye muhogo na kutulia. Mkimbiaji alisimama kwenye figa la tatu kama sheria inavyotaka. Gaju aliingia. Mpira ulikuwa umelala kwenye mzizi, umeloa, uzi wa mama yake umeanza kufunguka upande mmoja.

"Gaju," Mama Suzanne alisema kutoka kwenye kigoda, bila kugeuza shingo.

"Koko."

"Bo banapiga, we unaleta. Bo banapiga, we unaleta. Uko mbwa?"

"Apana, koko."

"Basi unatafuta nini mu hii muchezo?"

Gaju aliugeuza mpira mkononi. Uwanjani walikuwa wanamwita. Dieumerci alikuwa ameinua glovu juu ya kichwa chake, akiifungua na kuifunga. "Gaju! Tupa!" Watoto wakaitikia, "Tupa! Tupa!"

Hakuutupa. Alitoka kati ya mashina, akapita kando ya figa la pili, akapita kando ya kilima ambako Dieumerci alishusha glovu polepole, akaenda mpaka kwenye ubao. Mstari wa wapigaji uliachana kidogo ili apite, wakidhani anakwenda kwenye ndoo ya majivu. Divine ndiye aliyekuwa na gongo. Gaju alisimama mbele yake, akasema kitu.

"Unasema?" Divine aliuliza.

Watu walikuwa wamegeuka, wote, kama alivyojua siku zote kwamba wangegeuka.

"Na miye nataka kupiga."

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Upande wa pili wa uwanja Mama Suzanne aliinuka, akakishika kigoda mguu mmoja, akakisogeza nyuma ya muhogo, akakaa kuungoja mpira.